Mabuti ya Mwalimu Machage

Jumatatu, 8 Septemba 1986

Nimejitolea. Sijui nini kiliniingia. Uongo, najua: nyumba.

Asubuhi Mkuu wa Shule, Mzee Bernado, aliingia ofisini kwa walimu na barua kutoka mkoani. Wizi wa mifugo umezidi. Mkoa unataka wanafunzi wa sekondari wafundishwe mambo ya sheria na usalama: polisi anafanyaje kazi, mahakama inaendaje, gereza ni la nini. Wengine wavutiwe, wengine waogope. Afisa Elimu wa Mkoa atakuja mwenyewe kutoka Musoma Ijumaa ya wiki ijayo kuona tumefikia wapi. Nani atalichukua hili? Kila mwalimu akatazama chai yake, ambayo haina sukari. (Sukari imerudi madukani mwaka huu. Mshahara ndio haujarudi.)

Nikanyoosha mkono, kwa sababu siku hiyohiyo Afisa atamtaja Makamu Mkuu mpya. Mzee Felisian amestaafu, amekwenda kwao Butiama kulima mihogo, na nyumba yake iko wazi. Bati! Vyumba vitatu! Tangi la maji! Mimi nakaa chumba kimoja nyuma ya ghala la pamba, na panya wa ghala hawajui mpaka. Marcelina wangu, muuguzi wa zahanati, amesema hataolewa ghalani. Baba yake, Mzee Burito wa Kabasa, amesema niende kuzungumza naye nikishapata mahali pa kumweka binti yake, si kabla. Kwa hiyo nyumba ni Marcelina na Marcelina ni nyumba. Hesabu nyepesi.

Mshindani ni mmoja tu: Machage, mwalimu wa Kilimo, bwana wa ng'ombe wa shule. Aliponiona nimenyoosha mkono akatabasamu. Siwezi kumvumilia akitabasamu.

Jumatano, 10 Septemba

Klabu ya Sheria na Usalama imezaliwa. Wanachama: kidato cha tatu wote, kwa lazima.

Mgeni wa kwanza alikuwa Kopla Alfonce kutoka kituo cha polisi. Nilimwomba aeleze taratibu za kumkamata mtuhumiwa. Akaeleza baiskeli ya kituo. Haina tairi la nyuma tangu Machi. Akaeleza tairi, akaeleza Machi, kipindi kikaisha. Mwishoni akakumbuka kilichomleta, akasema mambo mawili: raia mwema akigundua wizi apige yowe, na nyayo hazidanganyi. Wanafunzi wakaandika.

Halafu Esta, kiranja wa darasa, akauliza polisi akiiba anakamatwa na nani. Kopla akasema hilo ni swali zuri sana, mwalimu wenu atawajibu. Nikatazama dirishani mpaka kengele ikalia.

Kipindi kilichofuata ni cha Machage. Nje, bandani, na ng'ombe. Niliwasikia wakicheka mpaka ofisini.

Ijumaa, 12 Septemba

Chaki zimekwisha. Nimechora mahakama ubaoni kwa kipande cha mhogo mkavu: hakimu, mwendesha mashtaka, mshtakiwa kizimbani. Nikamaliza, nikageuka. Nusu ya darasa imelala. Mmoja alikuwa anautazama ule mhogo kwa njaa.

Esta akasema, kwa heshima zote, kwamba sheria yangu haina mtu ndani. Wanataka kesi. Wanataka mwizi! Nikaomba ruhusa niwapeleke kuona mahabusu. Mkuu akakataa. Wazazi watasema wamelipa ada watoto wafungwe.

Imebaki wiki moja. Nitawatoa wapi mwizi?

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada nilikwenda Kabasa kumsalimia Mzee Burito. Nilimpelekea sato wawili wakavu kutoka kwetu ziwani, kama kawaida. Akashukuru sana, akawapa watoto wa jirani, kama kawaida. Machage alikuwa keshafika! Wamekaa na mzee wanazungumza ng'ombe. Nani kazaa, nani kakauka, nani pembe zimepinda. Mimi katikati yao, kama kiti cha ziada.

Marcelina akaninong'oneza kwamba si vibaya na mimi nimuulize baba yake jambo lolote kuhusu ng'ombe. Nikauliza wanalala saa ngapi. Marcelina akaingia ndani.

Nilirudi kwa miguu na hasira tupu. Ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe! Na hapo, karibu na kisima, wazo likaja lenyewe.

Jumatatu, 15 Septemba

Naliandika hapa kwa sababu ni zuri mno kubaki kichwani.

Ijumaa alfajiri, siku ya Afisa, Ruksa atatoweka. Ruksa ndiye ng'ombe jike mkubwa wa shule. Wanafunzi walimpa jina hilo mwaka huu kwa kuwa anakwenda anakotaka na hakuna wa kumzuia. Nitamficha kwenye ghala la pamba, ambalo ni tupu kwani mizani ya kununulia pamba haijafunguliwa. Asubuhi Machage anaaibika mbele ya Afisa: ng'ombe wa serikali kapotelea mikononi mwake. Klabu yangu inafuata nyayo. Inampata Ruksa. Afisa anapiga makofi. Mimi napata nyumba.

Na nyayo zangu je? Nimefikiria. Machage huacha mabuti yake ya mpira mlangoni pa banda. Nitayavaa. Wakichunguza wataona nyayo za Machage mwenyewe! Hana la kujibu.

Nilijichekea peke yangu mpaka panya wakanyamaza.

Ijumaa, 19 Septemba

Sijui nianzie wapi. Naanzia kwenye kamba.

Alfajiri nilivaa mabuti (makubwa, mguu unaogelea), nikamfungua Ruksa, nikajizungushia kamba mkononi, nikaelekea ghalani. Ruksa akaelekea Kabasa. Nikavuta. Akavuta. Kwetu ziwani tunavuta nyavu na huwa zinakuja. Huyu hakuja. Nilikwenda naye hatua kwa hatua, nikimsihi, mpaka mlangoni pa zizi la Mzee Burito, na humo akaingia kwa raha zake kama mtu aliyerudi likizo. Usiulize kwa nini. Mimi ndiye pekee katika Bunda nzima niliyekuwa sijui kwamba Ruksa alizaliwa pale, na mzee ndiye aliyemtoa kwa shule.

Mbwa akabweka. Nikakimbia. Niliruka juu ya mawe, jiwe hadi jiwe, nisiache alama hata moja ya kutoka. Nilijiona mjanja! Nikarudisha mabuti bandani kungali giza.

Saa moja Machage akakuta banda tupu. Nikaikusanya klabu, nikajitia sauti ya utulivu, nikasema uchunguzi uanze. Nilikuwa nimeshika filimbi. Kabla sijaiweka mdomoni Esta alikwisha kupanda kichuguu na kupiga yowe. Yowe la kweli! Kopla aliwafundisha, wakaandika. Jirani akalipokea, mlima wa pili ukalipokea, na haukupita muda barabara ilijaa wanaume wenye pinde, mikuki na mapanga, na bwana mmoja aliyekuja na mwiko, nadhani alikuwa jikoni. Maana huku yowe la ng'ombe usipoliitikia wewe ndiye unayeshukiwa.

Wakati huo ndipo Landrova ya Afisa Elimu ikatokea. Ilikuwa imeishiwa dizeli Kiabakari, imechelewa, na inakuta mikuki. Dereva akaanza kurudi kinyumenyume. Afisa akashuka kuuliza kuna nini, mtu akampa fimbo, na umati ukaondoka naye.

Nyayo zilikuwa wazi kabisa. Kwato, na mabuti kando yake. Kidato cha tatu mbele, wameinama, hakuna aliyelala. Ningefurahi sana kama nisingekuwa najua tunakokwenda.

Tukafika kwa Mzee Burito.

Kuna desturi ambayo hakuna aliyenieleza, na ningejua wapi? Samaki haachi nyayo! Ni hivi: nyayo zikiingia kwenye mji wa mtu, yaani boma lake, mwenye mji aonyeshe zilipotoka kuendelea mbele. Asipoonyesha, yeye ndiye anayejibu. Wazee wakamwambia Mzee Burito aonyeshe. Akazunguka zizi mara ya kwanza, akazunguka tena, polepole, anatazama chini. Mzee wa kanisa yule. Akasema kwa sauti ndogo kwamba huyu ng'ombe alizaliwaga hapa, lakini hajui amefikaje. Mtu nyuma akasema kumbe alitoa kwa mkono wa kulia, anachukua kwa wa kushoto. Wengine wakaanza kutaja adhabu: asipewe moto, asizikiwe, asiitikiwe yowe.

Marcelina alikuwa mlangoni na gauni lake jeupe la kazini. Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi. Mwalimu wa sheria!

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua. Nikaliona bati. Nikaliona tangi. Nikamwona Afisa amesimama pale na fimbo yake. Mdomo ukajifunga.

Machage ndiye aliyesonga mbele. Akawaamkia wazee, akasema wamsamehe, kosa ni lake. Ruksa alikuwa anataka dume, na dume zuri liko hapa, kwa hiyo alimleta alfajiri na akasahau kumwambia mtu, na yowe lilipopigwa akaona haya kusema. Akaweka mguu wake wenye buti juu ya alama. Ukaenea barabara. Waone wenyewe, akasema, haya si mabuti yangu?

Sikuamini masikio yangu. Anasema uongo! Mbele ya Afisa wa serikali!

Wazee wakamtukana, wakacheka, wakamtoza jogoo kwa usumbufu. Mzee Burito alimshika mkono na hakuuachia. Afisa Elimu akasema kwa sauti kubwa kwamba mwalimu anayeamka alfajiri kwa ajili ya mradi wa shule ni wa kupigiwa mfano. Akaipongeza pia klabu, kupitia kwa Esta. Aibu ilinishika, naikiri hapa pasipo msomaji. Kisha nikapandwa na hasira, maana yale mabuti niliyavaa mimi!

Saa sita Kopla Alfonce akafika kwa miguu, akauliza mlalamikaji ni nani.

Jumatatu, 22 Septemba

Machage ndiye Makamu Mkuu. Imetangazwa mstarini. Wamepiga makofi kupita kiasi.

Klabu imekuwa balaa. Sasa wanakuja klabuni hata wakati wa kipindi cha dini. Leo Esta aliuliza: mtu anayejua ukweli akakaa kimya, mwingine akibeba lawama, sheria inasemaje? Darasa zima likaacha kalamu. Nikajibu kwamba hilo lipo kwenye muhula ujao. Akasema watasubiri.

Wakati wa chai Machage akaja kukaa karibu nami. Akasema taratibu, bila kunitazama, kwamba siku nyingine nikirudisha mabuti ya mtu nipange la kushoto kushoto na la kulia kulia. Na nikwangue mavi. Akanihakikishia hajamwambia mtu yeyote wala hatamwambia. Halafu akatabasamu, akanimiminia chai. Bora angenipiga.

Jumapili, 5 Oktoba

Marcelina amekuja hapa ghalani mwenyewe, kunieleza kabla sijasikia kwa watu. Baba yake amemwita Machage wazungumze. Na Marcelina mwenyewe amekubali.

Nikamwambia naelewa, nyumba ya bati si mchezo. Akatikisa kichwa. Akasema siku ile pale mlangoni hakuwa anawaza bati. "Nilikuwaga nakungoja wewe useme neno," akasema. "Lolote. Hata la kijinga." Akangoja kidogo, labda niseme hata leo. Nilikuwa natafuta neno zuri. Nilipolipata alikuwa amefika barabarani.

Sikula. Nimekaa nikimtazama panya mmoja akitafuta punje ya pamba mahali ambapo hakuna pamba, na nimelia, basi.

Jioni nimetulia, nimefikiri vizuri. Ni tangi la maji. Mtu asinidanganye. Wanawake wa Kabasa wanachota maji mbali.

Jumatatu, 6 Oktoba

Machage ameniomba niwe mmoja wa watakaomsindikiza siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari. Anasema hana rafiki mwingine shuleni. Rafiki! Ng'ombe watalala kwenye banda la shule Ijumaa ya tarehe thelathini na moja, wapelekwe kesho yake.

Nimekubali haraka sana.

Kwa sababu fikiria. Asubuhi ya safari, fahali mkubwa hayupo. Machage amesimama mikono mitupu. Mzee Burito amekasirika. Klabu ya Sheria inaitwa, mimi mbele yake, na safari hii filimbi naipuliza kabla ya Esta na kichuguu nakibomoa. Tunamkuta fahali ghalani kwangu, salama salimini. Nani shujaa? Marcelina alisema neno lolote. Nitakuwa nalo tayari, nimeshaliandika.

Na sijasema kwamba sikujifunza kitu. Nimejifunza. Nimekaa jioni nzima nikitafuta kosa lilikuwa wapi, na nimeliona: mabuti.

Safari hii nakwenda peku.