Siku Niliyojizungushia Zege

Jamani, leo nimepatikana. Nimepatikana mchana kweupe, mbele ya wateja, mbele ya bosi, na mbele ya kila mwendesha baiskeli wa samaki aliyekuwa anapita barabara ya Nchelenge. Sina pa kuficha uso. Afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa watu.

Barua pepe hii naiandika kwenye kompyuta yenyewe iliyoniponza. Kesho diskette inapanda gari la samaki kwenda Lusaka, binamu yangu aitume kutoka huko. Kwa hiyo mkiisoma, hii "leo" yangu itakuwa imeshaanza kunuka. Ipokeeni hivyo hivyo.

Kwa wale ambao hatujaonana tangu chuo cha ufundi Lubumbashi, tangu nchi yetu haijabadilishwa jina: nimevuka ziwa. Niko upande wa Zambia, mimi na mama. Mwanzoni niliuza samaki kama kila mtu. Siku hizi niko kwenye kiwanja cha Ba Mulenga (hiyo Ba ni ya heshima), Mzambia anayesema Kiswahili cha kwetu kama wengi wa huku ziwani. Anatengeneza vitu vya zege: pete za kujengea visima, makalavati, mabamba ya kutandika chini. Tunamwaga zege kwenye kalibu za mbao papo hapo kiwanjani, likikauka tunapakia na kupeleka kwa mwenyewe.

Ba Mulenga alirudi kutoka Copperbelt na kompyuta ya mitumba yenye programu ya kupangia kazi hiyo. Unaipa ukubwa wa kiwanja na aina ya bamba unalotaka. Nayo inakuchorea kila bamba limwagwe wapi, lifunuliwe siku gani, linakula saruji kiasi gani, na litakugharimu nini. Hakuna aliyeweza hata kuifungua. Mimi nikaifungua! (Nilisomea kuchora majengo, si mnakumbuka? Mwalimu alisema nina jicho. Leo nimejua kumbe ni jicho moja tu.) Tangu nivuke, hii ndiyo kazi ya kwanza inayotumia kichwa changu badala ya kunibebesha beseni juu yake. Naipenda mno.

Sasa sikilizeni. Akina mama wanaouza samaki Kabuta wamechoka kuuzia kwenye matope. Kanisa limekubali kuwasaidia kutandika soko lao, na wao wenyewe ndio wanaochagua fundi. Leo walikuwa wanakuja kutuona tunavyofanya kazi. Jana Ba Mulenga hakunizungusha.

"Feza, mwanangu," akasema, "bale bamama bakitukubali, unabakia na kompyuta yako. Bakikataa, naiuzisha, na weye unarudia ku samaki."

Nilipomweleza mama, akachukua pasi ya mkaa, akanipigia pasi kitenge changu cha Jumapili.

Basi jana hiyo hiyo nikaketi nikapanga. Nikaingiza vipimo vya kiwanja, ukuta hadi ukuta. Programu ikaniuliza: niache nafasi kiasi gani bila kumwaga zege? Swali gani hilo! Ba Mulenga anachukia nafasi inayolala bure kuliko anavyoichukia mvua. Nikajibu sifuri. Mashine ikafikiri, ikafikiri, ikatoa mchoro. Mabamba yamejaa kiwanja chote, yamebanana vizuri, hakuna hata pa kutupia ganda la muhogo. Nilijisikia fahari mpaka machozi yakanilenga.

Tata Ilunga, msimamizi wa vijana wanaomwaga zege, aliutazama mchoro akatikisa kichwa kwa furaha. "Patron, vraiment, kweli kabisa, hii ni kazi ya bazungu!"

"Mumwange yote kesho asubui," Ba Mulenga akaamuru. "Bamama bakute kiwanja imeyaa."

Sote watatu tulifurahi. Sote watatu! Kumbukeni hilo mnaponihukumu.

Leo asubuhi nikafika kabla ya mtu yeyote. Kitenge cha kubana, viatu vya kisigino, nywele nimezisuka. Ofisi yetu ni kijumba kilicho mwisho kabisa wa kiwanja, kimeegemea ukuta wa nyuma. Nikaingia, nikawasha jenereta. Nikafunga mlango kwa sababu ya vumbi. Nikashusha pazia, maana jua likipiga kioo cha kompyuta huoni kitu. Nikaanza kuchapa makaratasi ya wageni. Mnazijua zile printa zinazolia kama zinachinjwa? Kati ya printa na jenereta, hata harusi yenye ngoma ingepita nje nisingeisikia. (Namshukuru Mungu sikunywa chai nyingi.)

Nikamaliza. Nikazima jenereta. Ndipo nikasikia sauti ya Ba Mulenga kutoka mbali.

"Feza! Bageni bamefika! Leta makaratasi!"

Nikajipangusa uso, nikavaa tabasamu, nikafungua mlango, nikanyanyua mguu. Nikaurudisha.

Mbele ya kizingiti, zege. Kulia, zege. Kushoto, zege. Zege bichi linang'aa kutoka mlangoni kwangu mpaka langoni. Walikuwa wamefuata mchoro wangu bila kukosea hata kidogo: wameanzia mlangoni pangu, wakarudi kinyumenyume, wakamalizia langoni. Tata Ilunga na vijana wake wamesimama barabarani wanajipangusa jasho, wamejaa raha. Kando yao Ba Mulenga. Kando yake akina mama wa Kabuta. Watu wote wako nje, na mimi peke yangu niko ndani.

"Feza, unangoya nini?"

"Bosi, nipitie wapi?"

Ba Mulenga akakitazama kiwanja. Akanitazama mimi. Akakitazama kiwanja tena.

"Tata Ilunga, haukuona kama mutu iko ndani?"

"Mulango ilikuwa ya kufunga, patron! Jenereta niliwaza ni weye uliiwasha! Na ku mupango yake hakuna mulango!"

Kweli. Nilisahau kuuchora mlango wangu mwenyewe.

"Pita ku dirisha!" Ba Mulenga akapiga kelele. Dirisha lina nondo. (Nondo nilizoziomba mimi, kulinda kompyuta.)

Hapo akasogea mwenyekiti wa akina mama wenyewe. Wanamwita Bana Bwalya, ndivyo Wabemba wanavyomwita mama yake Bwalya. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuitia wateja kutoka ng'ambo ya ziwa.

"Na siye tutaingilia wapi?" akauliza. "Awe, hapana, Ba Mulenga. Twende kwanza tuone ule fundi wa Kashikishi. Tutarudia siku ingine."

Siku nyingine! Akilini nikamwona mama na ile pasi yake ya mkaa. Nilijua wakiondoka ndio wameondoka. Nikapiga kelele, "Mayo, ngojeni! Nakuya!" (Mayo ni mama kwa Kibemba.)

Kati ya bamba na bamba zimesimama mbao za kalibu, nyembamba, za kukanyaga kwa kidole gumba. Nikavua viatu nikavishika mkono mmoja. Makaratasi mkono mwingine. Nikapanda kwenye ubao.

Mimi huyo. Hatua kwa hatua, kitenge kimenibana magoti, mikono nimeitanua. Baiskeli za samaki zikaanza kusimama barabarani. Vijana wa Tata Ilunga wakawa wananielekeza, kila mtu na upande wake.

"Kushoto!"

"Hapana, kuume!"

"Usiangalie chini!"

Lakini nilikuwa naenda! Nikavuka nusu. Nikavuka zaidi ya nusu. Mtu akapiga makofi. Nikafika kwenye ubao wa mwisho, bamba la mwisho kabla ya lango, lile lililomwagwa muda huo huo. Bana Bwalya yuko mbele yangu, karibu wa kushikana mkono.

Sasa niambieni. Mtu amelelewa vizuri, amefika mbele ya mama mtu mzima, mgeni tena. Huku Nchelenge binti hafiki mbele ya mkubwa akasimama wima kama mlingoti. Anakunja magoti, anapiga makofi taratibu, anasalimia. Nami nilitaka waone nimefundishwa. Nikakunja magoti.

Pwaa!

Nimekaa. Nimekaa kitako kizima ndani ya zege bichi, miguu imening'inia juu ya ubao, makaratasi yanaruka mpaka barabarani, kiatu kimoja sijui kimekwenda wapi.

"Mulishani, mayo," nikasalimia kwa Kibemba nikiwa chini. (Heshima kwanza.)

Barabara nzima ikapasuka kwa kicheko. Bana Bwalya alicheka mpaka mwenzake akamshika asianguke. Mwendesha baiskeli mmoja alicheka mpaka tenga likamponyoka, samaki wakamwagika, naye akaendelea kucheka huku anawaokota. Vijana wawili wakanivuta, zege likakataa kuachia kitenge. Wakavuta tena. Nikatoka kwa sauti ambayo siwezi kuiandika.

Ba Mulenga peke yake hakucheka. Huyo ndiye aliyenitisha. Nikasimama pale natiririka saruji, nikalia. Sitawadanganya, nililia hasa. Niliona kazi imekwisha, niliona beseni la samaki linarudi kichwani.

Tata Ilunga, mtu mwenye huruma, akachukua mwiko apige lipu haraka alama niliyoiacha. Maana pale katikati ya bamba palikuwa na shimo laini, la mviringo, lenye pande mbili. Hamhitaji maelezo zaidi.

"Acha!" Bana Bwalya akasema. "Usiguse!"

Akafuta machozi ya kucheka. Akainama akalitazama shimo. Akageuka akalipa mgongo, akalichungulia juu ya bega, anajilinganisha. Akawaita wenzake. Mmoja mmoja wakaja, wakageuka, wakajilinganisha. Hakuna aliyecheka tena.

"Ba Mulenga," akasema, "pa Kabuta tunaikalaka chini tangu asubui mpaka jua inaingia. Mugongo inatuuma. Matako inalowana. Bale bote banakuya kutuuliza juu ya samaki, hakuna mumoja anatuuliza tunaikala wapi. Munaweza kufanya hii? Kila mama na kiti yake ya beto, ya zege kama hii, na mbele fasi ya kuweka beseni?"

Ba Mulenga akanigeukia. "Feza. Kompyuta inaweza kuhesabu kiti?"

Nikavuta kamasi. "Inaweza, bosi. Inataka vipimo tu."

Ningejua, ningefunga mdomo. Ba Mulenga akatoa futi ya kukunja mfukoni, akampa Tata Ilunga. "Pima."

Akapima, wenzangu. Akapima makalio yangu, yale ya shimoni, mbele ya barabara nzima. Upana. Kina. Upande huu, upande ule. Kila kipimo anakitangaza kwa sauti ya mahubiri ili nikisikie vizuri, na wale wa baiskeli wanakirudia ili wasisahau.

"Ya kushoto iko munene kidogo!" akatangaza.

"Zilinganishe!" nikamwomba.

"Hapana," Bana Bwalya akakata shauri. "Muache vile vile. Ni ya mutu ya kweli."

Wakapanga matofali juu ya zile kalibu, wakalaza mbao juu yake, nikapitishwa kurudi ofisini na kitenge cha kuazima. Nikawasha jenereta. Safari hii mlango niliuacha wazi. Programu ilipouliza niache nafasi kiasi gani, nikaipa njia pana kutoka mlangoni hadi langoni, watu wawili wapishane na toroli. Kisha ikauliza jina la kitu kipya. Nikatoa kichwa nje.

"Bosi! Tukiite nani?"

Hakujibu yeye. Barabara nzima ilijibu: "Feza!"

Basi ndivyo kilivyoandikwa. Mashine ikahesabu saruji, mchanga, siku za kukauka, na gharama ya Feza mmoja. Nikasoma kwa sauti. Akina mama wakanong'onezana pale langoni, wakapigana mabega, na Bana Bwalya akampa Ba Mulenga mkono. Wamekubali! Soko zima la Kabuta!

Ba Mulenga akaja kwa zile mbao hadi mlangoni kwangu, akasimama, akakohoa. "Kesho ufike mapema," akasema. "Tuko na kazi mingi." Akaondoka haraka, mabega yanatikisika. Alikuwa amejizuia kucheka muda wote huo, mzee wa watu.

Nina kazi, jamani! Bado nina kazi! Nimefurahi mpaka vidole vinakosea herufi. Kilichobaki ni kumweleza mama, maana kile kitenge alichokipigia pasi sasa kimesimama chenyewe pembeni ya mlango.

Msinicheke, nawaomba. Na siku mkipita Kabuta mkawakuta akina mama wamekaa raha mstarehe, mtu akiwauliza vile vipimo vizuri vilitoka wapi, semeni vilitoka kwenye kompyuta.