Ombi la Kumwondoa Shangazi Kwenye Anwani Yangu

Kwako Baba Mkubwa, mwenyekiti wa vikao vyote vya ukoo,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii ukiwa umeketi, maana ni nzito kidogo.

Nalalamikia, kwa heshima zote, uamuzi wa kikao cha Jumamosi wa kuniweka chumba kimoja na Shangazi, dada yako. Najua wageni huwa mnawaambia nafanya "mambo ya kompyuta". Kwa usahihi, naandika viendeshi vya Linux, yaani programu za kuiwezesha kompyuta kusemezana na vifaa vyake, vya majokofu ya kutunzia chanjo. Kompyuta ndogo iliyomo ndani ya jokofu haijui ina vifaa gani. Lazima iandikiwe faili liitwalo mti wa vifaa: kipimajoto kipo, rejista zake, yaani visanduku vya kuwekea habari zake, zinaanzia anwani hii na zinachukua nafasi kiasi hiki. Ukikosea, kiendeshi hubisha hodi kwa jirani, na feni ndiyo inayoulizwa joto. Jumatatu nisipokabidhi kiendeshi kinachofanya kazi, nafasi yangu anapewa mwingine. Nazuiwa na haya:

1. Vifaa viwili havipewi anwani moja. Kiendeshi cha kwanza kikishaishika, cha pili huambiwa pana mwenyewe. Mimi chumba hiki nimekishika tangu darasa la saba. Shangazi aliingia na cherehani yake akasema, "Sogea mama, kitanda hiki kinatosha watu watatu na mbuzi."

2. Kila kifaa hutaja ukubwa wake. Shangazi alitaja "sanduku moja tu". Nimempima kwa utepe wake mwenyewe: anaanzia dirishani na kuishia sentimita kumi na nne ndani ya meza yangu, hapo hapo ulipo ubao wangu wa majaribio. Cherehani ikikimbia, nyaya zinalegea na kipimajoto kinasoma nyuzi mia mbili. Chanjo hapo ni supu.

3. Mti wa vifaa unaruhusu kifaa kizimwe bila kufutwa. Naomba Shangazi azimwe hivyo, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Hatakuwa amevunjiwa heshima. Jina lake litabaki kwenye orodha.

4. Wala si yeye peke yake. Mama huagiza "kile kitu, kiko pale kwenye nini". Kwa anwani hiyo jana nilimpelekea pasi, mwavuli na mdogo wangu. Alitaka chumvi.

5. Kwa hiyo nimeandika mti wa familia nzima, nimeuambatanisha. Haufanani na ule wa sebuleni kwako, wa nani kamzaa nani. Huu unaonyesha kila mtu yuko wapi, anachukua nafasi gani na anaitika akiulizwa nini. Wewe ndiye shina. Kiti chako cha kuegemea kina rejista nne, na moja ni ya kusomwa tu, haiandikwi na mtu: ndiyo maoni yako. Kikao kikiupitisha, asiyeandikwa humo ahesabike hayupo. Asipakuliwe chakula, wala asiitikiwe salamu.

Nasubiri uamuzi wako kabla ya Jumatatu. Nisalimie Mama Mkubwa, mabinamu wote kwa umri wao, na fundi bomba kama bado yuko chini ya sinki lenu.

Ni mimi, mwanao mtiifu,
wa chumba cha nyuma.

Baada ya sahihi: Nimemsomea Shangazi mti wenyewe, asije akasema nimemsengenya. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wewe mama, uko wapi humu?" Nimetafuta mstari wangu mara tatu. Stuli ya jikoni nimeiandika, mimi sipo. Ikabidi nimweleze pia habari za meza. Akashangaa: kumbe cherehani inatikisa? Mbona sikumwambia? Kweli, sikuwa nimemwambia, nilikuandikia wewe. Cherehani iko barazani tangu dakika ile. Kisha akachukua kalamu akaniandika yeye mwenyewe, anwani ileile ya kwake, na penye ukubwa akaweka "kiasi anachotaka". Kompyuta yoyote ingeukataa mstari huo. Naomba kikao kisiuguse.