Rambirambi Zinazofanana

Jumatatu, 9 Juni
Wiki ya pili tangu tumzike Baba Mkubwa Makongoro kule Butiama. Mwalimu mstaafu. Familia imenipa mimi kazi ya kutengeneza tovuti ya kumkumbuka. Mimi, si Yusto! Yusto, mtoto wa shangazi, yuko Bunda na anajiita mtaalamu kwa sababu ana simu kubwa. Jumamosi tunaanua matanga, na rambirambi za kwenye tovuti zitasomwa mbele ya mjane, Mama Mkubwa Lukresia. Macho yake yamechoka. Msomaji nitakuwa mimi. Nimeandika rambirambi yangu, aya sita. Nimelia nikiisoma.

Jumanne, 10 Juni
Aibu tupu. Watu wa Mugeta, Bugwema, Bunda, wote wanaandika kitu kilekile. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Waislamu nao, Inna lillahi, kilekile. Yusto kaandika “Poleni.” Neno moja! Aya zangu sita zimezama chini hata mwenyewe nimezitafuta.

Nimepata dawa. Programu ya tovuti ina mahali ambapo rambirambi ikifika, kabla haijatokea ukurasani, unaweza kuinasa na kuipa amri yako. Mimi napaita ndoano. Nimeandika amri: inayofanana na iliyotangulia iende kwenye kapu la taka. Mtumaji aambiwe, “Asante, imepokelewa.” Sisi ni watu wa adabu. Nimezipitisha na za zamani humohumo. Zimebaki nne, yangu juu kabisa. Ya Yusto nayo imepona, maana hakuna mwingine mvivu kiasi hicho.

Alhamisi, 12 Juni
Yusto, kiherehere, kaenda Butiama kumsomea Mama Mkubwa ukurasa. Nne! Mama Mkubwa akauliza watu wa Mugeta wako wapi, maana mumewe alimalizia ujana wake akifundisha huko. Yusto akasema hawapo. Sasa kanipigia: Mama Mkubwa kawaambia wapishi wasije Jumamosi. Kama mwalimu ameshasahaulika, atasali rozari peke yake, basi.

Nilimjibu Yusto kwamba huenda watu hawakumpenda mzee. Nilisema hivyo! Huyo ndiye aliyenifundisha kusoma. Moyo unaniuma. Lakini nikisema kweli, Jumamosi atasoma Yusto.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeenda Butiama kumfariji Mama Mkubwa bila kugusa habari ya ndoano. Mara kaingia Machibya, mzee wa Bugwema, kafura. Alituma pole yake, akashukuriwa, haionekani. Aliuliza kama pole yake inanuka. Nikasingizia mtandao. Akauliza mtandao unamjuaje yeye.

Mama Mkubwa alinitazama. Nikasema yote. Nikajitetea kwamba zilikuwa zinafanana.

Akaniambia, “Na misa je? Si maneno yaleyale kila Jumapili? Mlikuwaga mnafuata nini?” Akaniamuru nifungue kapu nisome, na majina yote.

Nikasoma. Bwana ametoa, Bwana ametwaa, Matrida wa Mugeta. Akasema huyo alikuwaga mtoro, mwalimu alimfuata hadi kwao. Bwana ametoa, Bwana ametwaa, Samwel. Mama yake Samwel ndiye aliyemletea Mama Mkubwa samaki wa furu siku alipojifungua mtoto wa kwanza. Inna lillahi, Shomari, fundi baiskeli. Hakuna jina lililompita. Alilia, akacheka, akalia tena. Sauti yangu ilipokauka, Machibya alikuwa ameshatumwa kuwarudisha wapishi.

Nililia na mimi. Aya zangu sita hakuna aliyeziulizia.

Jumamosi, 14 Juni
Tumeanua matanga. Uwanja ulijaa hadi barabarani. Amesoma Yusto. Anasoma vibaya. Kila aliyetajwa alisimama, na Mama Mkubwa akamshika mkono. Sijawahi kuona mjane akishika mikono mingi hivyo.

Jumapili, 15 Juni
Nimetafakari sana kanisani. Nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kuchezea maneno ya watu, na maneno ya msiba hayachezewi. Tatizo halikuwa maneno kamwe. Ni majina! Jana Yusto alipotaja Bonifasi, walisimama saba. Mama Mkubwa akamshika kila mmoja na kumweleza habari zake, wali ukapoa. Familia itahitaji tovuti tena kwenye misa ya mwaka, na safari hii sitaki aibu. Nimeiandika ndoano upya usiku huu: maneno yapite yote, ila jina likijirudia, litupwe. Bonifasi mmoja anatosha.