Hali ya Hewa Iliyoidhinishwa

Wananchi wa Ifakara, Idete, Kiberege, Mkula na vitongoji vyote vya bonde wanatangaziwa kwamba siku ya Jumamosi haitaruhusiwa hali ya hewa yoyote isipokuwa ile iliyoidhinishwa na Kamati Ndogo ya Mawasiliano ya Hali ya Hewa na Usalama.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Leodegar, Katibu wa Kamati. Lilibandikwa sokoni, stendi na kwenye mlango wa mashine ya kukoboa mpunga, na nilihakikisha mwenyewe kwamba gundi imeshika. Baadhi ya watu walilicheka. Hao ni watu ambao hawajawahi kukaa ofisini wakaona jinsi hali ya hewa inavyoharibu kazi ikiachwa ijiendee yenyewe. Mwaka jana mtu mmoja wa Mkula aliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mvua kubwa inakuja. Mvua ikaja. Ofisi ilipata aibu, maana mvua ilifika kwa taarifa ya mtu wa Mkula, na sisi hatukuwa hata na barua.

Ofisi yetu, yenye Kamati hiyo, ni Uratibu wa Michezo ya Majini Bondeni, na mkuu wetu ni Mheshimiwa Pantaleo, Mratibu Mkuu. Alikwenda semina ya siku tatu pwani, akaona vyombo vikishindana kwa matanga mbali kabisa na nchi kavu, huku watu wa ufukweni wakivifuatilia kwa redio. Akarudi amebadilika. Alitueleza kikaoni kwamba mwezi wa nne, Kilombero ikifurika, ukisimama ukingo huu huuoni ule wa pili, na maji ambayo huoni ng'ambo yake, kiutaratibu, ni bahari. Hakuna aliyepinga. Tulikuwa tumekaa tangu asubuhi na chai ilikuwa haijaja.

Ndivyo yalivyozaliwa Mashindano Makubwa ya Matanga. Jina lilitupa kazi kidogo, kwa sababu watu wa huku wakisikia matanga wanajua kuna msiba. Mama mmoja wa Kiberege alifika ofisini na kilo tano za mchele, akatupa pole mmoja mmoja, kisha akauliza marehemu ni nani. Nikamweleza kwamba haya ni matanga ya turubai, yanafungwa kwenye mtumbwi ili upepo uusukume kwenda maji makuu.

Akauinua tena mfuko wake wa mchele. "Mwezi huu wa nne?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mchele niuache tu," akasema, akaondoka.

Ilijiandikisha mitumbwi kumi na miwili, kila mmoja watu wawili. Namba saba ilichukuliwa na mke wangu, Balbina, pamoja na mdogo wake Paulina. Balbina ni Mndamba wa ukoo wa wavuvi, amekulia kwenye kambi za mtoni, na anaujua mto kama mimi ninavyoyajua mafaili. Nilimsihi asishiriki, nikamweleza habari za mgongano wa maslahi. Akaniambia zawadi ya kwanza ni cherehani, na yeye hana mgongano wowote na cherehani.

Ijumaa jioni aliniuliza mbele ya chakula, "Baba Jane, kesho mvua ipo?"

"Suala hilo lipo kwenye mchakato," nikamjibu.

"Mchakato wa kunyesha au wa kusema?"

"Wote wawili."

"Nakuuliza kama mume wangu."

"Mama Jane, mimi ni mume wako kwa mambo yote. Ila kwenye hali ya hewa ni Katibu."

Akaweka mwiko chini. "Basi Katibu ajipakulie."

Nilijipakulia. Utumishi una gharama zake.

Hata hivyo maandalizi yetu yalikuwa kamili. Tulikuwa na viwango vitatu vya hali ya hewa: Nzuri, Nzuri Sana, na Nzuri ya Kufuatiliwa. Kiwango cha nne kilipendekezwa kikaoni lakini kikaonekana kinaweza kuwatia watu hofu. Redio za mkononi zilikuwa sita. Nne zilipelekwa kwenye boti ya viongozi, ili viongozi waweze kuwasiliana wao kwa wao. Moja ilibaki Kituo cha Mawasiliano, yaani meza yangu, chini ya hema karibu na kivuko cha zamani. Ya sita walipewa washiriki wote ishirini na wanne, wakakubaliana ikae namba saba. Simu zao zilikusanywa kwenye beseni kabla ya kuanza, kudhibiti uvumi.

Mezani nilikuwa na Mzee Obadia, mstaafu wa reli, ambaye aliendesha redio za treni kwa miaka mingi. Ni mtu wa maneno machache. Ana kasoro moja: hutazama angani bila kuagizwa.

Saa saba mchana filimbi ikapigwa. Nilisoma Taarifa Namba Moja kwa kipaza sauti: hali ya hewa ni Nzuri Sana. Na ilikuwa kweli. Mitumbwi ikatoka na matanga yake, mengine ya turubai la bluu, mengine ya mifuko ya mbolea iliyoshonwa pamoja, na watu wa ukingoni wakapiga vigelegele. Mbele yao ilikuwa imekwisha kutangulia boti ya viongozi, yenye injini na kivuli, ikiwa na Mratibu Mkuu, Mwenyekiti wa Usalama, wageni watano na hotipoti tatu za pilau. Walikuwa wanakwenda kambi ya wavuvi ya mbali kuwapokea washindi.

Saa nane unusu Mzee Obadia aliniambia, "Katibu, geuka."

Nikageuka. Nyuma ya milima lilikuwa limetoka wingu jeusi kama sufuria ya kuni. Upepo ulikuwa umekatika ghafla, na yangeyange walikuwa wanaruka wote kuelekea upande mmoja, ambao si upande wa wingu.

"Lile tuwatangazie sasa hivi," akasema Mzee Obadia.

"Litatangazwa," nikamjibu, nikachukua Fomu ya Mabadiliko ya Hali ya Hewa. Inahitaji sahihi tatu. Ya kwanza ni yangu, nikaiweka. Ya pili na ya tatu zilikuwa kwenye boti. Nikashika redio.

"Mheshimiwa, shikamoo. Kuna wingu."

"Marahaba. Lina ukubwa gani?"

"Kubwa, Mheshimiwa."

"Huku ni kweupe, jua linawaka, wageni wanakula. Nikiidhinisha wingu la kwenu, wageni hawa nitawaambia nini? Toa Taarifa Namba Mbili: Nzuri Sana."

Hapa nataka ieleweke kwamba sikukaa kimya. Nilimshauri, kwa heshima, tushuke hadi Nzuri ya Kufuatiliwa. Akauliza.

"Atakayeifuatilia ni nani?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Sawa. Lakini ufuatilie kwa utulivu."

Kabla sijaiweka redio mezani, ikaita tena. Ilikuwa sauti ya mke wangu.

"Baba Jane, huko kukoje? Upepo umekata, tanga limelala."

"Chombo namba saba, hapa Kituo. Tafadhali tumia lugha rasmi."

"Nakuuliza wewe. Sisi tupo katikati ya matete, hatuoni mbali. Nasikia baridi mgongoni. Tuendelee au turudi?"

Mzee Obadia alinitazama. Nikaitazama karatasi. Neno "rudini" lilikuwa mdomoni, tena ni moja tu, lakini halikuwa na sahihi.

"Hali ya hewa," nikasoma, "ni Nzuri ya Kufuatiliwa."

Balbina akarudi hewani.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Neno nzuri nililitamka herufi kwa herufi.

"Sawa," akasema Balbina. "Nimekuelewa." Akakata.

"Amekuelewa nini?" akauliza Mzee Obadia.

"Sijui," nikamwambia, na hilo ndilo jibu pekee nililotoa siku hiyo bila kupitia kwa mkubwa.

Dakika kumi baadaye mvua ilitufikia. Hema liling'oka na vigingi vyake, likapita juu ya vichwa vya watu kama tanga la kumi na tatu. Tuliingia chini ya meza, mimi na Mzee Obadia, tukiwa tumekumbatia redio na beseni la simu za watu. Mto haukuonekana tena. Kulikuwa na maji yanayoshuka na maji yanayopanda, na ngurumo katikati.

Niliita namba saba. Hakuna jibu. Niliita tena na tena, labda mara tisa, na sikutumia lugha rasmi. Niliita Balbina. Niliita mama Jane. Nilisema rudini, nisameheni, rudini. Mzee Obadia aliangalia pembeni, kama mtu mwenye adabu anavyofanya mwenzake anapolia.

Kisha redio ikajibu. Zilikuwa redio nne kwa pamoja, zote zinatoka kwenye boti, kila mwenye redio anamkatiza mwenzake. Niliambulia maneno machache: injini imesokotwa na magugu maji, boti imekwama kwenye fungu la mchanga, maji yanaingia, kuna viboko.

"Mheshimiwa," nikasema, "hali ya hewa hapo ikoje?"

"Mbaya," akasema Mratibu Mkuu. "Mbaya sana, Leodegar."

Naapa sikuwa na nia ya kumkejeli. Ni mazoea ya kazi tu. "Mheshimiwa, hicho kiwango hatuna."

"Kiongeze," akasema kwa sauti ndogo.

Hapo ikaingia sauti nyingine, ya mtu anayetafuna kitu.

"Kituo, namba saba hapa. Tumewasikia. Mvua ikipungua tunawafuata. Waambieni wasipige kelele, viboko hawapendi. Na asishuke mtu kwenye boti."

Nilitoka chini ya meza nikasimama kwenye mvua. Sijui nilitoka kufanya nini. Halafu nikakaa kwenye tope, na kalamu zangu zote mbili mfukoni zikavuja wino.

Habari kamili niliipata baadaye. Balbina aliposikia taarifa yangu aliwageukia wenzake akawaambia, "Mume wangu ameogopa, tutoke majini." Mitumbwi yote kumi na miwili ikapiga makafi hadi kwenye kichuguu kikubwa cha shamba la mpunga, wakaivuta juu, wakayashusha matanga, wakayafunga kwenye dungu la mwenye shamba la kuamia ndege, wakakaa chini yake. Walikuwa wanakula mahindi ya kuchoma. Redio aliizima akaifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe hadi walipokwisha kujikinga, ndiyo maana hakunisikia nilipokuwa namwita. Namshukuru Mungu kwa mfuko huo, ingawa Mzee Obadia amekwisha kumsimulia kila kitu.

"Ulijuaje?" nilimuuliza. "Nilisoma kama ilivyoandikwa."

"Miaka kumi na minne naishi na wewe," akasema. "Ukisema kweli unaropoka. Ukisema uongo unasoma taratibu, kama uko kanisani."

Mvua ilipopungua walikwenda. Walimkuta Mratibu Mkuu na wenzake wamesimama juu ya viti vya boti, wamenyamaza kabisa, wakitazamana na viboko watatu. Waliwagawana kwenye mitumbwi. Mheshimiwa aliangukia namba saba, na kwa kuwa mtumbwi ulikuwa unavuja, Balbina alimpa kazi ya kuchota maji. Akachota kwa kifuniko cha hotipoti, kutoka kwenye fungu hadi ukingoni, bila kuuliza ni jukumu la nani. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyeshinda pia, lakini washiriki walikaa wakakubaliana wenyewe kwamba cherehani ni ya namba saba, na ofisi haikuwa na nguvu ya kupinga.

Katika ripoti, kifungu cha utekelezaji wa taarifa za hali ya hewa, niliandika ukweli wa takwimu: washiriki waliozingatia taarifa zetu ni sifuri, viongozi ni asilimia mia moja.

Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni, jua lilitoka kana kwamba hakikutokea kitu. Mratibu Mkuu alikuwa jikoni kwetu, amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, amejifunga kanga ya Balbina huku suti yake ikining'inia kwenye kamba. Alikunywa vikombe viwili vya chai ya tangawizi.

"Kesho tunatakiwa tukaivute ile boti," akasema. Akakohoa. "Mama, kesho kutakuwaje?"

Balbina alikuwa anachochea kuni. "Sijui, Mheshimiwa. Asubuhi nitatoka nje nitazame, ndipo nitakwambia."

Nilimsubiri Mheshimiwa amrekebishe. Hakumrekebisha. Alinigeukia mimi.

"Leodegar, iandike hiyo. Itoke leo, kama ilivyo."

"Inaanza na neno sijui, Mheshimiwa."

"Anza na hilo hilo."

Asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili, nilitoka uani nikamkuta Mratibu Mkuu amekwisha kufika kwa miguu kutoka mjini, suruali imekunjwa hadi magotini. Alikuwa amesimama nyuma ya mke wangu, hatua mbili, anatazama anakotazama yeye. Balbina alitazama milima. Akautazama mto. Akainua kiganja, akakishusha.

"Vipi, mama?" Mheshimiwa akauliza.

"Bado. Ngoja kupambazuke vizuri."

Mratibu Mkuu akatafuta gogo, akalipangusa umande, akakaa.