Goti la Golikipa

Jumatatu, 3 Machi
Hodi asubuhi. Mlangoni mtu mnene, mkoba begani, chupa ya mafuta mkononi. Kauliza kama mimi ndiye golikipa mwenye goti. Golikipa alikuwa mpangaji wa chumba hiki kabla yangu. Alihama bila kuaga hata timu yake. Huyu ndiye mchua misuli wao, mgeni kazini, golikipa mwenyewe hajawahi kumwona. Timu ndiyo inamlipa.

Nikasema mimi ndiye. Nani angekataa? Mke kanikimbia, kazi sina, jikoni kuna chumvi tu. Kanichua goti mpaka nikasinzia. Kaniachia na trei ya mayai, eti golikipa lazima ale vizuri. Mteremko! Mwaka mzima dunia imenipiga mateke, leo imenipaka mafuta.

Jumatano, 5 Machi
Karudi. Mayai mengine! Kaniasa nisiukanyage mguu ovyo. Sasa nachechemea mpaka chooni, maana anaweza kutokea wakati wowote. Fundi cherehani wa chumba cha pili, mwanamke asiye na kazi nyingine ila kunichungulia, kaniambia mbele ya watu kwamba asubuhi nilichechemea mguu wa kushoto, mchana wa kulia. Umbea mtupu. Anaona wivu. Nimekaanga manne mlango ukiwa wazi, harufu imfikie vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, kapiga simu. Ni msimamizi kwenye ghala la saruji, na kuna nafasi ya mpakiaji. Kasema dada yake kaapa harudi kwangu mpaka niwe na kazi. Bado ana kinyongo cha kabati lake la vyombo, nililoliuza ili ninunue sungura wa kufuga. Sungura walitoroka. Kosa langu ni lipi hapo?

Lakini namkumbuka. Kitanda kimekuwa kipana mno. Nimemwambia shemeji nitakwenda. Mchua misuli nimemwambia goti bado linauma. Mayai siachi.

Jumanne, 11 Machi
Aibu! Ghalani nilibeba mfuko mmoja wa majaribio, shemeji akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu harusi yetu. Kilibaki kipimo cha afya tu. Nafungua mlango wa chumba cha vipimo, shemeji nyuma yangu: mchua misuli! Kumbe huku ndiko kwenye kibarua chake cha pili.

Akaruka kitini. Akamgombeza shemeji kwamba goti hili analijua yeye, na kulibebesha saruji ni dhambi. Shemeji kaniuliza goti gani. Neno moja lingetosha: mzima. Lakini ningemtazamaje yule mtu, na mayai yake nimeshayala? Nikatoka nachechemea, ghala zima linanionea huruma. Nafasi kapewa aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.

Nyumbani nimelia. Kisha nikamtukana golikipa, maana haya yote kayaleta yeye.

Alhamisi, 13 Machi
Siamini! Mke wangu amerudi, na begi lake. Kaka yake kamweleza kwamba nimekuwa nikiumwa peke yangu, kimya kimya, sitaki kumsumbua mtu. Kalia sana. Kasema habari za kabati zimekwisha. Kapika, kisha kanikanda goti kwa maji ya moto. Nilitazama utosi wake alivyoinama, nikajiona mtu tena. Nimeamua kumwambia ukweli. Si sasa. Labda mwakani.

Jumamosi, 15 Machi
Nimeamka na furaha, nikajisahau. Nikaenda na ndoo kwenye bomba nachechemea mguu mwingine. Fundi cherehani kacheka mpaka kaegemea ukuta. Mke wangu aliutazama mguu, akanitazama mimi. Akakunja nguo zake moja moja. Mlangoni kasema afadhali ningekuwa mgonjwa kweli, angeniuguza mpaka mwisho.

Limenichoma neno hilo. Nimekaa kitandani kutwa nzima, namchukia golikipa, namchukia fundi cherehani, naichukia hata ndoo. Maji ya moto aliyonikandia jana usiku bado yamo kwenye beseni, yamepoa.

Jioni, hodi. Nikaruka nikidhani ni yeye. Fundi viatu! Kaleta viatu vya kuchezea mpira vya golikipa, namba arobaini na tano, vimeshalipiwa na timu. Kauliza kama mwenyewe ndiye mimi.

Navaa arobaini na moja. Nimejaza magazeti kwenye ncha, vinakaa vizuri tu.