Visanduku Vyenye Adabu

Jumanne, 2 Juni 1998

Nimemaliza! Lugha yangu mwenyewe ya kuamuru kompyuta, tena kwa Kiswahili. Nimeitia ndani ya visanduku vinne, kila kimoja na chipu, betri na redio ndogo. Ndovu akikata uzi niliouzungusha mpakani mwa shamba, cha kwanza kinakiambia cha pili, cha pili kinakiambia cha tatu, mpaka cha nne kipige kengele dirishani kwa shangazi Loise, huku Sagalla. Maskini, anakesha akipiga debe kuwafukuza ndovu. Mahindi yale ndiyo chakula chake cha mwaka. Mungu, asante kwa kichwa ulichonipa.

Alhamisi, 4 Juni

Fawaz wa duka la redio, Voi, ameisoma programu yangu. Akauliza mbona visanduku vinasalimiana kwanza: hujambo, nyumbani je, watoto, ng'ombe, mvua. Nikamjibu mtu haingii kwa watu akataja ndovu tu! Akasema anacho kisanduku chake, alichokiandikia kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, kinasema neno moja: ndovu. Mtoto wa mzee Badawy, nyumba ya heshima vile, na kisanduku chake hakijui hata salamu! Lakini kanipa betri bure. Mungu ambariki.

Jumamosi, 6 Juni

Visanduku vimefungwa shambani. Fawaz naye kaning'iniza chake mtini, eti majaribio. Nimemwachia, sina roho mbaya. Nimemwambia shangazi leo alale. Akanishika mikono, akaniombea, akanichinjia jogoo. Machozi yalinitoka. Paja lilikuwa langu.

Jumapili, 7 Juni

Ndovu walikuja! Kisanduku cha kwanza kikauliza cha pili habari za nyumbani. Cha pili kikajibu vizuri, kisha nacho kikauliza. Redio zangu ni za polepole. Vilipofikia habari za ng'ombe, ndovu walikuwa mstari wa tatu wa mahindi. Walipopita chini ya mti wa Fawaz, chake kikapiga kelele papo hapo, shangazi akatoka na debe lake, ndovu wakatimua mbio. Shamba limepona! Nimefurahi mpaka nimemkumbatia Fawaz mbele ya watu.

Kengele yangu ililia asubuhi. Shangazi ameshukuru sana, bila hiyo angechelewa kanisani. Ameniomba tu nipunguze salamu.

Jumatatu, 8 Juni

Fawaz kaja hadi kwangu, anataka kunifundisha kuandika kwa ufupi. Ana moyo wa dhahabu kijana huyu. Nimemshukuru, sikumsikiliza. Kosa nimeshaliona mwenyewe. Habari nzito kama ile, na visanduku havikupeana hata pole! Ndiyo maana vilizubaa. Sasa vitasalimiana, vitapeana pole ya mahindi, vitaagana, na kila kimoja kitakisindikiza kingine nusu ya njia. Redio inasindikizaje, bado sijui. Nitapata.

Nimemwahidi shangazi usingizi wa wiki nzima. Ndovu waje tu.