Malalamiko juu ya Dirisha Jeusi Linalomzuia Mkwe wa Mama Henriette

Likasi, Alhamisi

Kwako Bwana Germain,
Shefu wa Maabara ya Maji,

Wala sikuwa nimemaliza, Bwana Shefu, salio la simu liliponiishia Jumatatu. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye lile neno lako kwamba kazi ni kazi. Naendelea hapa kwa heshima zote, maana karatasi haina salio la kuisha.

Mimi ni Hortense, mke wa Banza, fundi wako wa takwimu mwenye meno meupe kama chokaa ya Kakontwe. Tumeoana wiki tisa zilizopita. Bado nikisikia hatua zake kwenye changarawe naacha chungu motoni na kukimbilia mlangoni, na sioni haya kuliandika. Lakini wiki tatu sasa anaingia na kompyuta kwapani, anaketi, anafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, na kuliandikia amri ili limwonyeshe kilichomo ndani ya mafaili ya ziwa Tshangalele. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chombo hicho hakina adabu. Ukikiandikia vizuri hakikushukuru. Ukikosea herufi moja kinakujibu kwamba hakikujui. Mashine ya kusaga mahindi ina malezi bora. Angalau inanguruma ujue imekusikia.

2. Ukikiomba faili, kinakupa kichwa chake tu: kilichopimwa, kwa kipimo gani, mistari mingapi. Nilimwuliza Banza kwa nini asifungue faili zima mara moja tukale. Akanijibu, mpenzi wangu: "Hortense, miye siwezi kuingia mu kitu sijue kiko na nini ndani." Mwanamume mwenye busara hivi, nanyi mnamchakaza kwa mafaili!

3. Pale kifaa cha ziwani kiliposhindwa kupima, faili huandika hasi elfu tisa mia tisa tisini na tisa, nanyi wataalamu mnatikisa vichwa kana kwamba ni jibu. Kwetu mtu asiyejua husema hajui. Hata hivyo nimeiga. Kila siku ambayo Banza amesahau kuniambia kwamba nimependeza, naiandika tarakimu hiyo kwenye kalenda ya jikoni. Ziko nne tayari.

4. Hili ndilo linaloniuma. Kwetu mkwe havuki kizingiti cha mama mkwe wala hali mbele yake mpaka siku mama atakapomwingiza: anamfunulia vyungu kimoja kimoja, akimweleza hiki ni nini na hupikwaje. Mama yangu Henriette amepika mara mbili. Mara mbili ukamzuia Banza, eti tarakimu za ziwa hazikubaliani, atafute kosa. Mara ya pili shangazi yangu Carmen alifunua sufuria ya kuku mbele ya wanawake wote akasema: "Henriette, mukwe yako alioa mutoto wetu ao alioa mashini?" Wakacheka. Mama hakucheka. Amesema Jumamosi hii ni ya mwisho. Asipotokea, hatapika tena, na mume wangu ataendelea kumsalimia kutoka barabarani mpaka uzeeni.

5. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, chombo hicho kifutwe kwenye kompyuta zote za maabara, kisha za Likasi, kisha za Haut-Katanga nzima. Wazee wetu walilichungulia ziwa kwa macho, na samaki walipatikana.

6. Ikishindikana, basi mafaili yachunguzwe na watu wenye ndoa za zamani, wasio na haraka ya kurudi nyumbani. Wewe mwenyewe, kwa mfano.

Mfikishie salamu mke wako Aimée, watoto, na wote wanaokuvumilia hapo ofisini.

Ni mimi, mke wa Banza kwa furaha isiyopimika,
Hortense

N.B. Nilikuwa nimeshatia sahihi. Banza alikwenda kuoga, nami nikaketi mbele ya dirisha jeusi ili ninakili jina la chombo hicho, adui yangu, bila kosa. Nikarudia amri yake ya mwisho, kichwa cha faili kikajifunua: kina cha maji, kwa mita, kikubwa kabisa, mia tatu na arobaini. Bwana Shefu! Banza ni wa Kolwezi, ziwa analijua kwa tarakimu tu. Lakini mimi nimekulia kando yake, ambako wavuvi husukuma mitumbwi kwa mti unaogusa chini. Hizo ni sentimita! Nilipiga kelele, Banza akatoka na sabuni masikioni, akabadilisha neno moja tu, na tarakimu za wiki tatu zikakubaliana zote. Akanibusu na sabuni yake.

Katika mstari wa chini, kichwa hicho kinamtaja aliyeandika kwamba ni mita. Kinasema Germain, na tarehe.

Basi usikifute chombo hicho, nakusihi. Nimekipenda ghafla, hakimfichi mtu. Jumamosi Banza atakuwa kwa mama, na naamini ruhusa umekwisha kuitoa. Na kabla ya mwezi huu kuisha tutakuja ofisini kwako sote wawili, mkono kwa mkono, utuonyeshe mafaili mengine uliyoyaandika wewe.